Siri zao zimelala kwenye droo yangu: barua ya wazi kwa wanaosimamia tovuti za huduma

Kwenu makatibu wa wizara, wakurugenzi wa teknolojia, maafisa wa ununuzi mnaotia saini mikataba ya tovuti, wakuu wa vyuo na wa benki, na nyinyi mliokabidhiwa kazi hiyo katika kaunti zetu za huku ziwani.

Poleni na kazi. Ninawaandikia kutoka Kondele, Kisumu, ambako nina saiba ya kompyuta 6, printa 2 na mashine ya kutoa kopi. Niko hapa tangu 2013, na miaka yote hiyo nimejaza fomu za watu: za basari, za ushuru, za kazi, za vyeti vya kuzaliwa, za leseni. Wengi huja kwa sababu hawana kompyuta wala intaneti nyumbani. Kuhusu hao sina la kuandika leo. Wapo wengine wenye simu nzuri, wenye bando, wanaojua kuandika kuniliko, na bado wanakuja kwangu. Hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Kwenye droo ya meza yangu mna daftari la kurasa 96 lenye jalada la buluu. Ndani yake mna majina ya watu 32, namba za vitambulisho vyao, barua pepe zao na maneno ya siri ya akaunti zao. Wote ni watu wenye ulemavu. Sikuwaomba siri hizo. Waliniletea mmoja mmoja, baada ya tovuti waliyotaka kuitumia kuwaachia njiani, na wa kuwavusha nikabaki mimi. Droo naifunga, na ufunguo naenda nao nyumbani. Lakini mimi ni nani? Hakuna aliyenipiga msasa, hakuna aliyeniapisha. Siku ya uchaguzi, mpiga kura asiyeona akiingia kituoni na msaidizi wake, sheria yetu inamtaka msaidizi huyo atoe tamko la kutunza siri mbele ya msimamizi wa kituo. Kwangu mtu anakuja na mshahara wake, ugonjwa wake, talaka yake na madeni yake, na ulinzi wote alio nao ni kuniamini tu.

Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nimekuwa mwosha kwa muda mrefu. Tofauti ni kwamba hawa wangu wako hai. Wanasikia ninapowasomea swali la fomu kwa sauti, na wanajua kwamba aliye kiti cha pili amesikia pia.

Nitawaeleza habari za mmoja, kwa ruhusa yake. Nitamwita Mwalimu, maana ndiyo kazi yake. Hakuzaliwa haoni; glakoma ilimchukua macho akiwa kidato cha pili. Alijifunza Breli, akamaliza chuo, akaajiriwa. Simu yake ina TalkBack, programu ya kusoma skrini inayopatikana bure kwenye simu za Android, na ameiweka kwa Kiswahili. Kwenye kompyuta yake anatumia NVDA, nayo ni ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona. Mara ya kwanza kumwona akitumia simu nilishindwa kufuata. Sauti ilikuwa inakimbia, mimi sishiki hata neno, naye anaendelea kama mtu anayesoma gazeti. Anasoma habari, anatuma M-Pesa, anasahihisha insha za wanafunzi wake. Nasema haya ili mjue kwamba aliyekuja kwangu siku ile hakuwa mtu asiyejua kompyuta.

Alikuwa anaomba huduma kwenye tovuti moja ya umma. Jina lake siliandiki, kwa kuwa shida hii haiko kwenye tovuti moja. Fomu ilitaka barua ya daktari, aina na kiwango cha ulemavu, mshahara, hali ya ndoa. Alikuwa ameihangaikia nyumbani siku tatu. Aliketi, akaweka simu mezani, akapandisha sauti. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "usiguse kitu. Sikiliza tu."

Kidole chake kikapita juu ya ukurasa, na simu ikasema: kitufe. Kisha: kitufe. Kisha tena: kitufe. Vilikuwa vinne. Mimi kwa macho yangu niliona picha ya nyumba, ya mtu, ya bahasha, na ya mlango wa kutokea. Aliyeutengeneza ukurasa alibandika picha bila kuandika nyuma yake kila moja ni ya nini, na kilichoandikwa hapo nyuma ndicho pekee ambacho programu ya Mwalimu inaweza kukisoma. Kwake ilikuwa milango minne isiyo na alama, na mmoja kati yake ukiufungua unakutoa nje na kufuta yote uliyoandika. Alikuwa ameufungua mara mbili.

Akashuka kwenye fomu yenyewe. Sehemu ya kuandika. Sehemu ya kuandika. Sehemu ya kuandika. Ipi ya jina, ipi ya kitambulisho? Maneno yalikuwepo juu ya kila kisanduku, ila hayakufungamanishwa na kisanduku chake. Jicho linaona "Tarehe ya kuzaliwa" na kisanduku chini yake, likaelewa. Programu haibahatishi. Mwalimu alikuwa ameandika tarehe mahali pa namba ya simu, tovuti ikamkatalia, na njia iliyotumia kumwambia kosa liko wapi ilikuwa kukizungushia kisanduku rangi nyekundu. Rangi peke yake. Simu haikutamka neno.

Ukurasa ule ulikuwa na upande wa Kiswahili, na aliyelifikiria hilo namshukuru kwa moyo wangu wote. Lakini simu iliusoma kwa matamshi ya Kiingereza. "Tuma maombi" ilitoka kitu kama "chuma meombai". Sauti ya Kiswahili imo ndani ya simu ya Mwalimu, na ni nzuri. Haikuitwa, kwa sababu ukurasa ulijitambulisha kwa kompyuta kuwa ni wa Kiingereza. Baadaye kijana mmoja wa programu, mteja wangu, alinifungulia ndani nikaona. Kule juu kabisa kwenye msimbo ndipo ukurasa unapotaja lugha yake, na jina la Kiswahili pale ni herufi mbili: sw. Kukosekana kwa herufi hizo mbili ndiko kulikompa Mwalimu ukurasa mzima wa maneno yasiyo ya lugha yoyote.

Mwisho zikaja picha 9. Chagua zote zenye taa za barabarani, kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Kulikuwa na kitufe cha kusikiliza badala ya kuona, lakini nacho hakikuwa na jina. Mwalimu akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Sasa hapa ndipo ninapoambiwa mimi si mtu."

Basi akaniachia kibodi. Nikamuuliza mshahara, akautaja, na yule kijana wa kiti cha pili alikuwa ameacha kuchapa. Nikamuuliza hali ya ndoa. Nikamsomea barua ya daktari kwa sauti, kwa kuwa alitaka kuwa na hakika kwamba ndiyo ile ninayoipakia. Tukafika kwenye neno la siri. Alinisogelea sikioni akaninong'oneza, na lilikuwa jina la mtoto wake aliyefariki. Sikuwa na haki ya kulijua jina lile kwa njia ile. Nimelijua, na kila akiingia mlangoni nalikumbuka.

Nilimaliza kwa dakika 14 kazi aliyoihangaikia siku tatu. Akanilipa shilingi 100, akaondoka, nami nikaandika akaunti yake kwenye daftari, kwa sababu sote wawili tulijua angerudi.

Wengine nitawapitia kwa haraka. Yuko kijana wa Nyalenda aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda. Vidole vyake havikunjuki. Anachapa kwa fundo la kidole kimoja, na kipanya hawezi kabisa. Anazunguka ukurasa kwa kitufe cha Tab, lakini kurasa nyingi hazionyeshi Tab imefika wapi, na menyu zake zinafunguka kwa kipanya tu. Akiyavumilia hayo yote, anakaribia mwisho na kuambiwa muda wake umekwisha, aanze upya. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, ule unaoitwa WCAG, haudai mengi hapo: mtumiaji aonywe kabla muda haujakatika, apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi, kwa mfano kubonyeza kitufe cha nafasi. Nimemwona kijana huyu akirudia fomu moja mara nne, mashavu yakimtiririka jasho kama mtu aliyebeba magunia.

Yuko dada kiziwi anayeniandikia kwenye simu tukizungumza. Lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya. Maelekezo aliyopewa yalikuwa video ya mtu anayeongea, bila maandishi chini, na mahali pa kuomba msaada paliwekwa namba ya simu ya kupiga, basi. Hakuna barua pepe, hakuna ujumbe mfupi. Yuko mzee wa Ahero, mkulima wa mpunga, mwenye mtoto wa jicho. Anaona, ila si maandishi ya kijivu juu ya nyeupe. WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na yaweze kukuzwa hadi mara mbili bila ukurasa kuharibika. Mzee anabana na kupanua skrini kwa vidole viwili, na ukurasa umefungwa usikuzwe. Na wote hawa wanakutana na zile namba za kuthibitisha zinazotumwa kwa simu na kufa baada ya dakika moja. Mwalimu hutumiwa 482913, simu inamsomea laki nne na themanini na mbili elfu na kitu, naye awe ameishika kichwani, amerudi kwenye ukurasa, amekitafuta kisanduku, ameandika, kabla dakika haijaisha.

Sasa niseme linaloniuma kuliko hayo, maana nina mkono ndani yake: matangazo ya picha. Tangazo la basari ya wadi, la kikao cha umma cha bajeti, la nafasi za kazi, huandikwa kwenye Word, likachapishwa, likasainiwa, likapigwa muhuri, likaskaniwa, likapakiwa kama PDF. Mara nyingine hupigwa picha na simu na kurushwa kwenye WhatsApp likiwa limepinda. Ninayaskani mwenyewe haya matangazo kwa ajili ya ofisi ndogondogo, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa. Naelewa sababu. Muhuri ndio unaotutenganishia tangazo la kweli na la matapeli, na matapeli wa kazi tunao. Lakini ndani ya faili lile hamna hata herufi moja. Ni picha ya karatasi. Mwalimu akilifungua, programu inamwambia ukurasa ni mtupu.

Mengi ya matangazo ya kazi humalizia kwa mstari unaowahimiza watu wenye ulemavu watume maombi. Mstari huo nao umo ndani ya picha. Nimewahi kumsomea Mwalimu tangazo la namna hiyo mpaka mwisho, nikafika hapo, nikasita kwa sababu nilijua yeye asingeupata mstari ule kama mimi nisingekuwepo. Alikuwa ametimiza kila sharti. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita siku mbili kabla.

Na dawa yake mnayo tayari. Kabla ya muhuri, tangazo lilikuwa maandishi kwenye Word. Yawekeni maandishi hayo kwenye ukurasa wa tovuti, mkaweka nakala yenye muhuri chini yake. Kazi ya dakika mbili. Hata anayeona atafaidika, kwa kuwa maandishi hula bando kidogo sana kuliko picha ya kurasa nne, na mzazi wa kule Kombewa atayafungua kwa bando la shilingi 20.

Hakuna ninaloomba ambalo nchi yetu haijaahidi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufika mahali, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha. Ndani ya saiba yangu vifungu hivyo viwili vinagombana kila siku: Mwalimu akitaka cha 54, inabidi aache cha 31 mezani kwangu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unaitaja intaneti kwa jina katika kifungu cha 9. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 imeipisha mpya, iliyotiwa saini Mei 2025. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lina kiwango KS 2952 cha mwaka 2022, kilichoandikwa mahususi ili bidhaa na huduma za teknolojia ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu atoe idhini kwa hiari yake mwenyewe. Mtu ambaye milango mingine yote imefungwa, akininong'oneza neno lake la siri, hiyo nayo ni hiari?

Nimeambiwa na afisa mmoja, kwa upole tu, kwamba watu hawa ni wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu wapatao 900,000 kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani asilimia 2.2. Huku kwetu hesabu ni nzito zaidi: Homa Bay asilimia 4.3, Siaya asilimia 4.1. Hao ndio wanaoshuka kwenye magari ya Homa Bay na Bondo, wakauliza wapi kuna mtu wa kuwasaidia fomu, wakaelekezwa kwangu. Mzee wangu wa Ahero sidhani kama alijihesabu. Yeye husema ni uzee tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliye na macho mazima na vidole kumi hauoni mzigo wenyewe. Lakini hata wangekuwa watano. Aliyefunguliwa akaunti ya huduma ya umma amelipa ushuru kama wengine.

Tena msidhani nawasema nyinyi tu. Shirika la WebAIM, lililoko Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Marekani, hupima kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni 1. Mwaka 2025 lilikuta asilimia 94.8 zina makosa yanayoonekana kwa kupimwa na programu. Dunia nzima imelala hapo. Ila lililonipa moyo katika hesabu yao ni hili: asilimia 96 ya makosa yote yaliyokutwa ni ya aina 6 tu. Maandishi yasiyoonekana vizuri kwa rangi yake, picha zisizo na maelezo, visanduku visivyo na majina, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja lugha yake. Nilipoisoma orodha hiyo nilimwona Mwalimu mezani kwangu, kidole kikipita. Karibu yote yaliyomkwamisha yamo humo. Hakuna lenye kuhitaji mtambo mpya. Ni maneno ya kuandika mahali pake.

Basi naomba hivi. Wewe afisa ununuzi, unapotangaza zabuni ya tovuti, andika ndani yake kwamba ni lazima itimize KS 2952 na WCAG 2.2 daraja la AA, lile la kati katika madaraja yake matatu, kisha uzuie malipo ya mwisho hadi watu wasioona, viziwi, na wasioweza kutumia mikono waijaze fomu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kushikwa mkono. Walipwe kwa kazi hiyo, kama mnavyomlipa mkaguzi wa jengo. Hapa Kisumu tuna shule ya wasioona kule Kibos. Vijana wanaotoka katika shule kama hiyo, wenye vyeti na ujuzi wa NVDA, wapo na wanatafuta kazi. Muda wa kufanya haya ni kabla tovuti haijafunguliwa. Fundi wa nyumba huuliza mlango uwe wapi kabla ya kujenga ukuta. Akija kuuliza baadaye, itabidi auvunje.

Kwa tovuti zilizopo tayari, sitaki mnijibu kwamba mtazipanga upya zote miaka ijayo. Anzeni na fomu zinazouliza mambo ya siri zaidi: afya, mapato, ndoa, watoto. Zitengenezeni hizo kwanza, hata ukurasa wa mbele ukibaki ulivyo kwa muda. Na chini ya kila fomu wekeni njia ya kuandika, barua pepe na ujumbe mfupi, ikiwa na mtu wa kujibu nyuma yake. Nimeona anwani za msaada ambazo nimeziandikia na hazijajibu tangu mwaka juzi.

Jihadharini pia na mkato mmoja. Wapo wauzaji wanaokuja na kialama kidogo cha mtu wa kiti cha magurudumu, kinachokaa pembeni ya ukurasa, na wanasema kwa kukiweka tu tovuti yote itakuwa sawa. Hakiwezi kuandika majina ya vitufe ambayo fundi alipaswa kuyaandika kwa kufikiri. Mwalimu amekutana navyo mara kadhaa, na anachofanya kwanza ni kutafuta namna ya kukizima, kwa sababu kinagombana na programu yake. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka kampuni moja ya bidhaa za namna hiyo ilipe dola milioni 1 kwa kudai kwamba kifaa chake kinaweza kuifanya tovuti yoyote itimize mwongozo wa WCAG. Fedha ya umma isiende huko.

Kuna jambo mnaloweza kulifanya leo, kabla hamjamwita mtu yeyote. Fungueni tovuti yenu, wekeni kipanya kando, mbonyeze Tab. Tab tena. Tazameni kama mnaona mko wapi. Jaribuni kufika kwenye kitufe cha kutuma. Mkipotea kabla ya hapo, mmeyaona ya kijana wa Nyalenda.

Najua wapo watakaoniambia kwamba nakata tawi nililokalia, kwa kuwa shilingi zao 100 ni sehemu ya mkate wangu. Nimelifikiria sana. Wateja ninao wa kutosha: wanafunzi wa kuchapa miradi, makanisa ya kutoa nyimbo, wafanyabiashara wa Kibuye na risiti zao. Ningependa Mwalimu aje kwangu kuchapisha mitihani ya wanafunzi wake, alipe, aondoke, na nisijue lolote jingine juu yake.

Jumanne asubuhi saiba haina watu wengi. Nawakaribisha. Nitawatengea kompyuta iliyo karibu na ukuta, yenye NVDA na vipokea sauti. Skrini nitaizima na kipanya nitakiondoa. Njooni na fomu ya tovuti yenu wenyewe na habari zenu za kweli. Mwalimu amekubali kuwepo siku za likizo. Atawaonyesha herufi H inavyowarusha kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, na Tab inavyowapeleka kwenye visanduku. Ana subira na wanafunzi watu wazima. Mtakapokwama, tutaandika pamoja mahali mlipokwama, neno kwa neno, mkampelekee fundi wenu.

Na siku fomu ile ya Mwalimu itakapojazika bila mimi, nitampigia simu aje achukue ukurasa wake wa daftari. Nitauchana mbele yake nimkabidhi mkononi. Ataketi pale, avae vipokea sauti vyake, abadilishe lile neno la siri, nami nitakuwa kule nyuma natengeneza printa.

Wenu mtiifu,
Mwenye saiba, Kondele, Kisumu